Dereva Mwenye Lori Lake na Hesabu ya Kodi

Ndugu msomaji, ukisimama asubuhi karibu na lango la bandari ya Mtwara katika miezi ya Novemba na Desemba, utayaona malori yamejipanga mstari mrefu, yamebeba magunia ya korosho kutoka Tandahimba, Newala, Masasi na Nanyumbu. Siku nyingine mstari huo huchanganyika na malori meusi kwa vumbi la makaa ya mawe, yaliyotoka Mbinga na kupita Songea, Tunduru na Masasi, mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Mengi katika malori hayo ni mali ya makampuni, na walioshika usukani ni watu wa mshahara. Lakini hakosi katikati yao mtu ambaye lori ni lake mwenyewe, aliyelinunua kuukuu kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo, naye ndiye dereva, ndiye tajiri, ndiye karani, na gari likiharibika usiku porini ndiye fundi pia. Habari zetu za leo ni za mtu huyo.

Nilikaa na mmoja wao chini ya mwembe, si mbali na lango hilo, tukinywa kahawa huku utingo wake akikaza kamba za turubai. Ni mtu wa Mikindani, mvi zimeanza kumwingia. Akaniambia hivi: "Bwana Mhariri, mwaka jana mikononi mwangu zimepita milioni mia na ushei, na leo sina fedha ya kununua tairi mbili. Sasa naambiwa nipeleke hesabu ya kodi. Kodi ya nini? Ya fedha niliyompa mwenye pampu ya dizeli?"

Swali hilo lina haki ya kujibiwa, na jibu lake ni la. Sheria haitozi kodi ya mapato juu ya fedha iliyompa mwenye pampu. Lakini kati ya sheria na mfuko wa dereva yule yamesimama mambo mawili, moja liko mikononi mwake mwenyewe na jingine liko mikononi mwa Serikali, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Si ajabu kwamba watu wetu wa kusini wakisikia neno kodi hudhani ni tozo la kutwaa tu. Wazee wa pwani hii na wa uwanda wa Makonde walianza kuijua kodi ya Serikali katika kodi ya kibanda ya Wajerumani, iliyotangazwa mwaka 1897 na kuanza kukusanywa mwaka 1898. Kodi ile haikuuliza mtu amevuna nini wala amebakiwa na nini. Ilihesabu vibanda, basi. Waingereza nao wakatoza kodi ya kichwa, na kichwa hakina gharama za kutoa. Hata kodi ya maendeleo, ambayo Serikali yetu wenyewe iliifuta mwaka 2003, ilimkuta mtu akiwa na kitu au akiwa hana. Kwa hiyo mjukuu wa watu hao, ambaye leo ana lori la tani kumi na tano, hakurithi kwa babu yake desturi ya kukaa na mtoza kodi na kumwambia: "Hizi ndizo nilizopata, na hizi ndizo nilizotumia ili nizipate; tuhesabu kinachobaki."

Lakini hivyo ndivyo isemavyo Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Mtu mwenye biashara hutozwa juu ya faida, na faida hupatikana kwa kuondoa katika mapato ya mwaka matumizi yote yaliyofanywa kwa ajili ya kuyapata mapato hayo na si kwa jambo jingine. Maneno hayo ya mwisho, "na si kwa jambo jingine", ndiyo yenye uzito, na tutayarudia.

Hebu tuweke mfano. Nasema wazi kwamba tarakimu hizi nimezitunga ili hesabu ionekane, si za mtu yeyote. Mwenye lori amepokea kwa mwaka shilingi milioni 120 za nauli ya mizigo. Dizeli imekula milioni 68. Tairi, milioni 9. Matengenezo, spea na oili, milioni 8. Mshahara wa utingo, milioni 4 na laki 8. Bima pamoja na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, milioni 4 na laki 2. Wapakiaji, wapakuaji, turubai, kamba na vivuko, milioni 4. Jumla ya matumizi ni milioni 98, na mkononi zimebaki milioni 22.

Wengi huishia hapo, nao huumia. Mtu binafsi hutozwa kwa ngazi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 3,240,000 za kwanza za mwaka hazina kodi. Kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8. Hadi 9,120,000 ni asilimia 20. Hadi milioni 12 ni asilimia 25. Na kila kinachozidi milioni 12 ni asilimia 30. Piga hesabu ya milioni 22 kwa ngazi hizo, nawe utapata kodi ya shilingi 4,536,000. Hiyo ni fedha ya kumtoa mtu jasho.

Lakini lori lenyewe je? Lori halibaki jipya. Kila safari ya Songea inalipunguzia thamani, injini inachoka, chasisi inapata nyufa, na ile fedha iliyonunua lori inayeyuka polepole barabarani. Sheria imelijua jambo hilo na imelipa jina la uchakavu. Malori makubwa na matrela yao yamewekwa katika daraja la pili la mali zichakaazo, ambalo mwenye mali huruhusiwa kutoa asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Magari ya mizigo ya chini ya tani 7 yako daraja la kwanza, nayo hutolewa asilimia 37 na nusu. Ikiwa mtu wetu alilinunua lori lake kwa milioni 60, mwaka wa kwanza hutoa milioni 15. Mwaka wa pili hutoa robo ya zile 45 zilizobaki, yaani 11,250,000, na kuendelea hivyo.

Basi rudi kwenye hesabu. Katika milioni 22 toa milioni 15, zinabaki milioni 7. Kodi ya milioni 7 ni shilingi 392,000. Tazama tofauti hiyo, ndugu msomaji. Mtu yule yule, lori lile lile, safari zile zile. Aliyeujua uchakavu anadaiwa 392,000, na asiyeujua anadaiwa 4,536,000. Tofauti ni zaidi ya milioni 4, na hakuna hila hapo wala ujanja wa kukwepa. Ni haki iliyoandikwa katika sheria, lakini haimwendei mtu nyumbani kumgongea mlango.

Nilipomweleza hesabu hii yule dereva wa Mikindani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo la maana sana: "Na kadi ya gari ikiwa bado ina jina la aliyeniuzia?" Naam, hapo pana shimo. Uchakavu ni haki ya mwenye mali. Wako wengi katika mkoa huu walionunua magari kwa hati iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wawili, wakaliendesha gari miaka mitatu bila kwenda kubadili jina, kwa kukwepa ada ya uhamisho. Mtu wa namna hiyo akitaka kutoa uchakavu wa lori ambalo kwa maandishi si lake, atakuwa amejipa kazi ngumu ya kuthibitisha. Ada aliyoikwepa ni ndogo kuliko haki anayoihatarisha.

Jambo jingine linalochanganya watu ni mkopo. Mtu amekopa benki ili anunue lori, naye kila mwezi hurejesha fedha. Mwisho wa mwaka huandika marejesho yote kuwa ni gharama. Sivyo. Riba ndiyo gharama, kwa kuwa ndiyo bei ya kutumia fedha ya watu katika biashara. Rasilimali yenyewe, yaani ile fedha uliyokopa, ukiirejesha hujatumia kitu, umerudisha cha mwenyewe. Na gari ulilolinunua kwa fedha hiyo tayari unalitolea uchakavu. Huwezi kula mkate mmoja mara mbili. Mtu na aiombe benki taarifa inayotenga riba na rasilimali, maana ni haki yake kuipata.

Sasa tuje kwenye yale yasiyotolewa. La kwanza ni faini. Mizani za barabarani zipo kwa sheria, na tangu Machi 2019 Tanzania imeanza kutumia sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kikomo chake cha juu kwa gari na mzigo wake ni tani 56. Anayezidisha mzigo akatozwa faini hawezi kuiandika faini hiyo kuwa gharama ya biashara, wala faini ya mwendo kasi, wala nyingine yoyote alipayo Serikalini kwa kuvunja sheria. Hili halina ubishi, kwani lingekuwa jambo la kuchekesha Serikali imtoze mtu kwa mkono wa kulia na kumpunguzia kwa mkono wa kushoto.

La pili ni rushwa. Sheria imeitaja kwa jina, ikasema kwamba fedha iliyotolewa kwa rushwa haitolewi katika hesabu ya kodi. Hapa naomba nitoke njiani kidogo. Katika karne ya 19, misafara ya wapagazi ilipoondoka pwani hii kwenda bara (mwaka 1866 Livingstone naye aliondokea Mikindani), wenye misafara walilipa hongo kwa watawala wa nchi walizopita, na neno hilo hongo halikuwa aibu wakati ule. Lilikuwa ni ushuru wa njia, unaojulikana na kutolewa mchana. Leo neno ni lile lile lakini maana yake imeoza. Hulipwa gizani, halina stakabadhi, na mtoaji huliita chai ili lisinuke. Madereva wenyewe hawalipigi hesabu. Mtu aliyefika ngazi ya asilimia 30, akitoa shilingi 100,000 za chai, hana budi kuwa amefanya kazi ya karibu 143,000, kwa kuwa chai hiyo huitoa katika fedha ambayo imekwisha kutozwa kodi. Anayedhani amejiokoa kwa kutoa kidogo barabarani amelipa mara mbili, na sijasema bado kwamba yeye na aliyepokea wote wametenda kosa la jinai.

La tatu ndilo linalonisumbua, nalo ni chakula cha dereva mwenyewe. Sheria inasema kwamba matumizi ya mtu kwa ajili ya nafsi yake, jamaa yake na nyumba yake si gharama ya biashara. Ndiyo maana ya yale maneno "na si kwa jambo jingine". Karani wa dukani akila ugali mchana, angekula hata kama asingekuwa karani. Kwa hiyo ugali wake ni wake. Hoja hiyo ni sawa kwa karani. Lakini je, ni sawa kwa mtu aliyekwama siku nne Somanga?

Maana wapo waliokwama. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara ilikatika, na magari yakalala foleni pande zote mbili. Madereva walikula kwa mama lishe waliojitokeza kando ya barabara, kwa bei ya mahali ambapo hakuna chakula kingine. Mwenye lori akimpa utingo wake posho ya siku hizo, posho ile ni malipo kwa mfanyakazi, na huingia katika gharama za biashara. Lakini chakula alichokula mwenye lori mwenyewe, katika bakuli lile lile, kwenye benchi lile lile, hakiingii. Na safari aliyoikosa kwa kukwama haiingii pia, kwa sababu fedha ambayo hukuipata si fedha uliyoitumia. Hili la pili ni sawa kabisa, lakini lile la kwanza lanishangaza.

Nchini Marekani, ambako madereva wenye magari yao ni wengi, jambo hili limetazamwa kwa jicho jingine. Dereva aliyejiajiri, akilazimika kulala mbali na kwake kwa ajili ya kazi, huruhusiwa kuhesabu kiasi maalumu cha chakula kwa kila siku, bila kukusanya risiti za kila sahani. Kuanzia Oktoba 2024 kiasi hicho ni dola 80 kwa siku ndani ya nchi ile, na dereva aliye chini ya sheria ya saa za kuendesha hutoa asilimia 80 yake, yaani dola 64. Anachotakiwa kuonyesha ni tarehe, mahali na sababu ya safari. Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Madereva wao walioajiriwa walinyang'anywa nafuu ya namna hiyo tangu mwaka 2018, na sasa hawana cha kutoa hata wakilala mwezi mzima njiani. Hata hivyo kwa aliyejiajiri wameukubali ukweli mmoja, kwamba mtu aliyelala Tunduru ili makaa ya mawe yafike Mtwara hakula hotelini kwa anasa. Kwa maoni yangu Wizara ya Fedha na Bunge letu wangefaa kulitazama jambo hili. Si lazima kiwe kiasi kikubwa. Usiku uliothibitishwa kwa hati ya mzigo uhesabiwe usiku wa kazi.

Tukirudi kwa yaliyo mikononi mwa dereva, kubwa ni karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mtu atunze kumbukumbu za hesabu zake kwa miaka 5. Ofisa wa Mamlaka ya Mapato akija hatataka hadithi za matope ya mto wala za tairi iliyopasuka Masasi, atataka stakabadhi. Chukua tena mfano wetu. Tuseme mtu yule amepoteza risiti za dizeli za milioni 5 tu kati ya zile 68, ambazo si nyingi kwa mwaka mzima. Faida yake kwenye karatasi inapanda kutoka milioni 7 kuwa milioni 12, na kodi inapanda kutoka 392,000 kuwa 1,536,000. Risiti zilizofuliwa pamoja na suruali zimemgharimu zaidi ya milioni moja na laki moja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa na malori.

Katika dizeli kuna neno la kuongeza. Mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa, na mzigo wake ukahamishiwa katika ushuru wa mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Madereva walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa kuwa hakuna tena kusimamishwa kwa ajili ya leseni iliyokwisha. Lakini maana yake ni kwamba aendaye mbali ndiye alipaye zaidi, na malipo hayo yamejificha ndani ya risiti ya pampu. Ukiitupa risiti hiyo umetupa ushahidi wa dizeli na wa ushuru kwa pamoja.

Hata hivyo haitoshi kumlaumu dereva. Vituo vikubwa vya mafuta vina mashine za kielektroniki za kutolea risiti. Lakini fundi wa pancha wa njia panda hana. Mtu aliyekuvutia lori kutoka tope kwa trekta lake hana. Vijana sita waliopakia magunia ghalani Newala hawana, na ukiwauliza watacheka. Usafiri wa huku kwetu umeshikamana na watu hawa wasio na karatasi, na fedha wanayolipwa ni gharama ya kweli kabisa ya biashara. Anachoweza kufanya dereva ni kuandika papo hapo: tarehe, mahali, kazi iliyofanywa, fedha, na jina na sahihi ya aliyepokea. Haina nguvu ya risiti ya mashine, na ofisa aweza kuikataa. Lakini mtu mwenye daftari lililoandikwa siku kwa siku, lenye matone ya oili na wino wa rangi tatu, ana jambo la kumwonyesha ofisa. Nawaomba maofisa nao watambue tofauti ya daftari la namna hiyo na lile lililoandikwa usiku mmoja kwa kalamu moja.

Upo pia utaratibu wa kodi ya kukadiria kwa wafanyabiashara wadogo, ambao hutozwa kwa ukubwa wa mauzo, na kwa wasafirishaji, ambao hutazamwa aina ya gari na tani libebazo. Faida yake ni wepesi. Mtu hulipa kiasi kinachojulikana akaenda zake. Lakini kiasi kinachojulikana hakijui kama mwaka huu ulivunja injini. Ni kodi isiyotazama kilichobaki, na kwa maana hiyo inafanana kidogo na ile ya vibanda, ingawa haina ukatili wake. Mwenye mwaka mzuri itamfaa. Mwenye mwaka mbaya na daftari safi yampasa akamuulize ofisa, kabla ya kulipa, kama anaweza kuchagua kutozwa kwa hesabu zake.

Na miaka mibaya huku kusini haikosi. Reli iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wao wa karanga, kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya kina kirefu iliyofunguliwa mwaka 1954 ikabaki bila reli, na tangu hapo mzigo wote ni wa barabara. Lakini kazi hii hutegemea amri na hali ambazo dereva hana sauti juu yake. Novemba 2018 Serikali ilipochukua jukumu la kuzinunua korosho zote, malori ya jeshi yaliingia kazini kuzibeba. Katika msimu wa 2023/24 iliagizwa kwamba korosho za kusini zisafirishwe nje kwa bandari ya Mtwara, jambo jema kwa mji huu, lakini safari ndefu za Dar es Salaam zikawa safari fupi za kutoka ghalani hadi gatini. Huko mtoni nako, Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilipofunguliwa mwaka 2010, na kivuko cha Kilambo karibu na mlango wa Ruvuma, viliwapa watu matumaini ya mizigo ya Palma na Mocímboa da Praia. Tangu Oktoba 2017 vita vya Cabo Delgado vimeyapunguza sana matumaini hayo. Kwa hiyo mwenye lori na ajue kwamba mwaka wa hasara haupotei katika hesabu. Hasara ya biashara iliyothibitishwa hubebwa kwenda mbele na kupunguza faida ya mwaka unaofuata. Lakini asiyepeleka hesabu ya mwaka mbaya, kwa kufikiri kwamba hakuna faida hivyo hakuna cha kupeleka, huipoteza hasara yake kabisa.

Aliyevuka mto na kupokea nauli upande wa pili asidhani fedha hiyo haihusiki. Mkazi wa Tanzania hutozwa kwa mapato yake popote alipoyapata. Vivyo hivyo, gharama alizozifanya ng'ambo ni gharama, na risiti ya huko aihifadhi pamoja na za hapa.

Na ikiwa kampuni iliyompa mzigo imemkata sehemu ya nauli kuwa kodi ya zuio, adai hati yake. Fedha ile imelipwa kwa jina lake, nayo hupunguzwa katika deni lake la mwaka. Wapo wanaodhani ni dalali amewadhulumu, wakagombana naye, kisha wakasahau kudai karatasi, wakalipa tena.

Limebaki jambo la tarehe. Mwaka wa kodi wa mtu binafsi huanza Januari na kwisha Desemba. Makadirio ya mwaka hutolewa mwanzoni, na malipo hugawanywa mara nne: mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba na wa Desemba. Ritani, yaani taarifa kamili ya hesabu ya mwaka uliopita, hupelekwa kabla ya Juni 30 kwisha. Kwa mchukuzi wa korosho mgawanyo huu haukukaa vizuri, maana fedha yake huingia Oktoba hadi Januari, na Juni lori limelala, limeinuliwa juu ya magogo likisubiri breki. Lakini makadirio yakionekana kuwa makubwa kuliko kazi iliyopatikana huweza kurekebishwa, na ni afadhali kwenda ofisini mapema na kusema hivyo kuliko kujificha. Ofisi nazo zingefanya vyema kuwafuata watu hawa mahali walipo, kwenye maegesho ya Masasi na penye maghala ya Tandahimba, katika wiki za mwanzo za msimu, kabla malori hayajaanza kukimbia. Semina inayofanywa mjini siku ya kazi haimpati mtu aliye njiani.

Kabla hatujaachana, yule dereva wa Mikindani alimwita utingo wake, kijana wa miaka kama ishirini aliyesoma hadi kidato cha nne, akampa noti ya shilingi elfu mbili akanunue daftari kubwa. Kijana akarudi nalo, akaketi juu ya tairi ya akiba, akachora mistari kwa ukingo wa kiberiti, akaanza kuandika ya siku ile: dizeli, wapakuaji, maegesho. Halafu akainua uso. "Shikamoo mzee," akaniambia, kana kwamba ndiyo kwanza aniona, "na haya maji ya kunywa tuliyonunua chupa mbili, moja yangu na moja ya bosi, niandike zote?"

Bosi wake akanitazama mimi. Nikamwambia aandike ya kwake, na hiyo nyingine aiache kwanza.